Nilivyomwondoa Mtani Wangu Mkekani

Jumatano, tarehe tisa Julai. Kumepambazuka na manyunyu, kibaridi cha kipupwe kikapenya chini ya mlango, na jua halikutoka mpaka saa tano. Siku kama hii ukindu huwa laini, haukatiki vidoleni. Ilikuwa siku nzuri ya kusuka na sikusuka.

Leo nimekwenda Mabawa kumwomba radhi mtani wangu. Sikufanikiwa. Naandika kwa sababu sijui kama nilikwenda kwa nia njema au nilikwenda ili nipate usingizi. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo atakayesoma anisamehe nikienda mbele na kurudi nyuma. Nitajitahidi nisimwonee mtu. Hata kujilaumu nitajilaumu kwa kiasi, maana nimeona kuna watu wanajilaumu mpaka wanahurumiwa, na miye sitaki kuwa hivyo. Au labda nataka. Haya.

Uani kwangu hapa Makorora wageni huja kujifunza kusuka ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya mkindu. Ukishasuka wa kutosha unauzungusha, unaushona kwa shazia, ile sindano ndefu, unapata mkeka. Tanga si Unguja, lakini miaka hii wageni wameongezeka. Wanapitia mpakani Horohoro wakitoka Mombasa, wanakwenda mapangoni, wanapiga picha majengo ya zamani, halafu wanachoka kutazama. Wanataka kufanya kitu kwa mikono yao.

Anayewaleta ni mama mmoja wa Mombasa, mtu mwenye adabu, hachelewi wala hapandishi sauti. Alinieleza siku ya kwanza kwamba mgeni wa siku hizi hataki kununua kikapu kizuri, anataka kurudi kwao na kikapu kibaya alichokisuka mwenyewe. Nilicheka kimoyomoyo. Baadaye nikaona ni kweli. Mzee mmoja alisuka ukili wa shibiri mbili, una mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita, akaufunga kwenye kofia yake na kuondoka nao kama aliyevishwa nishani.

Tulianza kazi hiyo wawili, miye na mtani wangu.

Asiyejua utani nimweleze. Miye ni Mzigua, yeye ni Mnyamwezi, na wazee wetu walikwisha kutaniana kabla hatujazaliwa. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja jambo. Miye nilikuwa namwita mtumwa wangu. Yeye alikuwa ananiita mchawi wa Handeni, na kila akija kwangu alipekua chini ya kitanda akisema anatafuta fisi nimemficha wapi. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyevaa gauni la marehemu, akakohoa kama marehemu, akajilaza mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe kuku. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Na huyohuyo ndiye aliyekesha siku tatu jikoni akisugua masufuria. Mtani ni mtu wa namna hiyo. Unamtukana kwa sababu humwogopi, naye anakuzika.

Baba yake alikuwa manamba, mmoja wa wale vibarua walioletwa kutoka bara kukata mkonge, kila mtu na namba yake. Yeye alizaliwa hukuhuku, kwenye kambi ya mkonge, akalelewa Tanga, akaolewa Tanga, akafiwa na mume Tanga. Miye, kama nataka kusema kweli yote, nilizaliwa Handeni na nililetwa mjini nikiwa nabebwa mgongoni. Kwa hesabu hiyo yeye ni mwenyeji kuliko miye. Ukili tulifundishwa na bibi mmoja jirani, Mdigo, sote wawili kwenye mkeka mmoja. Miye nilijifunza. Yeye alijua.

Hapo ndipo lilipo tatizo, na nisipoliandika hapa hakuna haja ya kuandika mengine.

Mgeni hajui Kiswahili na sisi hatujui lugha yake. Miye nilifundisha kwa kuonyesha: tazama hivi, tazama tena. Wakitazama mara tano wanakata tamaa. Mtani wangu hakuonyesha. Alikaa nyuma ya mgeni, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mgeni, akawa anavuma wimbo usio na maneno, na kila chane, kile kipande chembamba cha ukindu, ilipotakiwa kupita juu alimgonga kidogo kwenye kiganja. Baada ya robo saa aliondoa mikono na mgeni hakujua kama imeondoka, akaendelea peke yake. Nimejaribu kufanya hivyo. Mikono yangu haikubali. Mgeni mmoja aliniambia kwa ishara kwamba namfinya.

Mwezi wa tano alikuja bibi wa kizungu ambaye vidole vyake vimepinda kwa maradhi. Mama wa wageni alininong'oneza tumpe kupaka rangi tu, asiaibike. Mtani wangu alimkalisha bibi yule pembeni, akamchania majani mapana zaidi, na mpaka saa saba bibi akawa amesuka kawa, ule mfuniko wa chakula, mdogo kama sahani ya chai. Bibi akalia. Mtani wangu naye akalia, halafu akasema, ili tucheke, kwamba analia njaa kwa sababu Wazigua hawajui kulisha watumwa wao. Wote walimzunguka. Miye nilibaki na sufuria ya rangi nikikoroga rangi iliyokwisha kukorogeka.

Sikumchukia. Naomba ieleweke. Nilitaka tu siku moja wazunguke upande wangu.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mama wa wageni alikuja na wageni wanne na daftari. Alituambia, kabla hatujaanza, kwamba safari zimekuwa nyingi na mwaka huu kutakuwa na mabango na picha, na anataka kuandika habari za mwalimu wa ukili. Alisema mwalimu, mmoja. Tulielewa sote wawili. Kwangu ilikuwa heshima. Kwa mtani wangu ilikuwa zaidi ya heshima, maana miye nina mume na nina uwanja, yeye ana chumba cha kupanga Mabawa na mikono yake.

Wageni wakiwa wameshaketi mkekani, mama yule akauliza kwa upole kabisa kama sisi wote ni wenyeji wa Tanga.

Miye ndiye niliyewahi kujibu. Nilisema, "Miye ndiyo. Huyu usimwulize. Huyu aliletwa na treni amefungwa shingoni, ukindu ameuona kwetu. Kila siku namfundisha na kila siku anasahau."

Mtani wangu alicheka kuliko wote. Akajibu kwamba ni kweli aliletwa, na waliomuuza ni babu zangu, walimuuza kwa chumvi na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Jirani yangu aliyekuwa anaanika nguo alicheka mpaka akaangusha vibanio. Wageni hawakuelewa neno, lakini waliona watu wazima wanacheka, wakacheka.

Mama wa wageni alitabasamu na akaandika kitu kwenye daftari.

Sasa hapa niwe mwangalifu. Kule kwao hawana utani wa makabila kama tulio nao sisi. Wanakuwa na mizaha yao, lakini hii ya kuambiana mtumwa na kuendelea kula sahani moja hawaijui. Alisikia mwenyeji anamsema mgeni. Ningekuwa yeye ningeandika vilevile. Siku ile, nilipokuwa nasema, sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa sikulifikiria. Lakini nilimwona anaandika, na kalamu ilipotua nililifikiria.

Nilipomsindikiza kwenye gari aliniuliza peke yangu. Alisema, "Mama, yale uliyosema ya mwenzio, ni kweli?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema, dada yangu, huo ni utani wetu, yule ana mikono kuliko miye. Ni maneno machache, hayafiki hata mstari. Nilisema, "Baba yake alikuja mkongeni kutoka bara. Hilo ni kweli."

Na ni kweli. Hata leo naweza kulisema mahakamani na mkono juu ya msahafu.

Baada ya siku tano alinipigia simu. Alisema wamekaa wakaona safari ile waiuze kama kujifunza kwa wenyeji wa asili wa pwani, kwa hiyo wataniandika miye. Mwenzangu anaweza kubaki kusaidia mambo ya jikoni kama nataka, yeye hana ubaya naye. Akaniomba nimweleze miye mwenyewe kwa kuwa nimemzoea. Nilishukuru. Niliuliza kuhusu picha, nivae nini.

Siku mbili nzima sikumweleza. Baba watoto aliniambia nikamwambie kwake, faragha, kama watu. Nilimwambia nitakwenda kesho, na kesho yake wageni wakafika kabla sijatoka. Walikuwa sita. Walikuwa wameshavua viatu na kukaa, ndipo mtani wangu akaingia na mzigo wa ukindu aliouloweka usiku, umefungwa kwenye gunia bichi, maji yanamchuruzika mgongoni.

Niliona haya. Mtu akiona haya hutafuta mahali pa kujificha, na miye nilijificha penye mazoea. Nilimwambia nikicheka, "Mtani, leo wageni wameagiza watu. Watumwa wakae jikoni."

Alicheka. Alitua mzigo, akasema hata jikoni kwangu hakuna cha kuiba, akaketi nyuma ya msichana mmoja na kunyoosha mikono.

Ikanibidi niseme tena. Nilikuwa bado na tabasamu, nililiona kwa ndani jinsi lilivyokauka usoni. Nilisema, "Sikutanii. Wameandika mwenyeji. Mama kasema wewe ubaki jikoni au upumzike."

Akaniangalia kuona kama kuna kicheko nyuma ya maneno. Watani huwa tunafanya hivyo, tunangoja kidogo. Alingoja. Wageni walimwona ameduwaa, wakadhani ni sehemu ya mchezo wetu wa kila siku, na mmoja, kijana mwenye ndevu nyekundu, akaanza kucheka na kupiga makofi, na wenzake wakamfuata. Hawana kosa. Sisi ndio tuliowazoesha. Walikaa pale wanapiga makofi na yeye anainuka taratibu, goti moja kwanza, kwa sababu magoti yake hayamtii. Mikono aliitoa juu ya mikono ya yule msichana kama anavyotoa siku zote, pole, asimshtue.

Ukindu aliuacha. Siku ile tuliutumia. Ulikuwa umelowekwa vizuri sana.

Tangu hapo wiki tatu na siku kadhaa. Hakuja, hakupiga simu, na kanisani kwao wanasema anakwenda kama kawaida. Jirani yangu yule wa vibanio alikuwa upande wangu wiki ya kwanza, akisema Mnyamwezi akikasirikia utani si Mnyamwezi. Wiki ya pili aliniuliza kama nilimwambia mbele ya wageni. Nikasema ndiyo. Siku hizi akianika nguo anaanikia upande wa pili.

Na wageni? Wanakuja. Nafundisha kwa kuonyesha. Juzi mwanamke mmoja aliacha katikati akaenda kukaa kwenye kivuli na simu yake. Mwingine aliuliza, kwa kumtumia dereva, yuko wapi yule mama anayevuma wimbo, kwa sababu rafiki yake aliyekuja mwezi wa tano alimsimulia. Nilimjibu dereva kwamba amesafiri.

Basi leo, baada ya manyunyu, nilichukua fungu la ukindu niliotia rangi, zambarau na kijani, rangi azipendazo, nikaenda Mabawa kwa miguu. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga niingie kwa matusi kama zamani, nimwite mtumwa mtoro, nimwambie nimemfuata na kamba. Akinitukana nitajua yamekwisha. Watani hawaombani radhi kwa machozi, wanatukanana tena, ndiyo radhi yenyewe.

Nilimkuta kibarazani anachambua dagaa kwenye ungo, dagaa wa kukaanga na kuuza. Kando yake hapakuwa na chane hata moja. Aliponiona akanyanyuka, akanawa mikono, akajifuta, akasema, "Karibu, mama. Habari za huko? Baba hajambo? Watoto?"

Miaka yote tuliyojuana hajawahi kuniita mama.

Aliingia ndani akatoka na kiti. Miye na yeye tumekaa chini maisha yetu yote. Akanifutia kile kiti kwa upande wa kanga, akanikaribisha, yeye akabaki amesimama mpaka nilipokaa. Akamtuma mpangaji mwenzake soda. Nilijaribu. Nilisema, "Mnyamwezi gani huyu anakalisha watu kwenye viti, umekuwa karani?" Alitabasamu vile anavyotabasamu mtu kwa mgeni aliyesema jambo asilolielewa, akaniuliza kama soda ni ya baridi mno.

Hapo nikaacha kupanga. Nilimweleza yote, swali la kwenye gari na jibu langu, na simu. Nilimwambia sikusema uongo hata neno moja. Sijui kwa nini nililisema hilo la mwisho. Labda nilidhani litamsaidia.

Alirudi kwenye ungo wake, akachambua dagaa, vichwa huku, miili kule. Kisha akasema, "Mama, miaka yote umenitukana kwa uongo, na mimi nilikuwa nalala usingizi. Siku ile kwenye gari ulinisema kwa ukweli. Hiyo ndiyo sijaizoea."

Nikamwambia nitampigia mama wa wageni leo hii.

Akasema, "Mpigie ukitaka. Ila usiseme nimekutuma."

Nilimwomba arudi hata kama si kwa ajili ya wageni, aje tusuke wawili tu, anitukane mpaka achoke. Alisema, "Asante kwa kunialika, mama, nikipata nafasi nitapita." Ulikuwa ni uungwana mtupu, hauna pa kushika. Nilimpa lile fungu la ukindu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalisifia rangi, akalilaza juu ya kiti nilichoinukia, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mjumbe wa serikali ya mtaa. Akanishika mkono wa kuniaga. Mkono wake ulikuwa na harufu ya dagaa, umekauka, na ule ugumu wa vidole vya msukaji umeanza kulainika.

Nilipofika kona nikampigia mama wa wageni palepale, nikiwa nimesimama, nisije nikabadili nia. Nilimwambia kwamba yale yalikuwa utani, kwamba yule kazaliwa hapa na miye nimezaliwa Handeni, na kwamba kwa ukili miye simfikii.

Alikuwa na adabu zake zilezile. Alisema, "Mama, mimi nilikuuliza. Niliuliza kwa sababu nilikuamini." Halafu akanieleza kwamba mabango yamekwisha kuchapwa na picha yangu imo, watu wamekwisha kulipia safari mpaka mwisho wa mwaka, na hawezi kuwaambia leo mwenyeji wa asili ni mwingine. Nikasema basi aniondoe miye kabisa. Akasema akiniondoa atafunga safari yenyewe, na yule mwenzangu hatafaidika na lolote, atakuwa amemuumiza mtu wa pili bure. Nimeitafuta kasoro katika maneno hayo njia nzima kutoka Mabawa na sijaiona. Akamalizia kwamba kesho saa tatu wanakuja saba, na mmoja wao mkono wake mmoja haufanyi kazi vizuri, nimwangalie kwa huruma.

Sijui nitamwangaliaje. Nimekaa jioni hii nikijaribu juu ya mikono ya binti yangu, nimevuma na nimegonga kiganja. Kanivumilia kidogo, kisha kasema, mama, unaniumiza.

Baba watoto aliniuliza yamekwendaje, nikamwambia amenipa kiti. Tumekula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa na matembele. Pilipili ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeiulizia.